Madai Sita Yasiyosimama: Wayunani wa Kale na Maisha ya Mpakani

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili, ya Kenya na ya Uganda. Barabara inatoka Kisumu, inapita katikati ya maduka, inaingia kwenye kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, kisha inaendelea kuelekea Jinja na Kampala. Kaskazini yake kuna Malaba, ambako malori na reli huvuka, na mbele ya Malaba iko Tororo na jabali lake linaloonekana kutoka mbali. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Wateso nao wako pande zote mbili. Mtoto anayezaliwa hatua chache mashariki mwa mstari ana kitambulisho chake, shilingi yake na mtaala wake wa shule. Wa hatua chache magharibi ana vingine. Hakuna hata mmoja wao aliyechagua.

Mahali kama hapa, swali la bahati na tabia si la darasani tu. Binadamu ana asili gani? Wema unafundishika? Katika maisha ya mtu, lipi ni lake na lipi amepangiwa? Wayunani wa kale waliyasumbukia maswali haya kwa karne nyingi, tangu enzi za Solon, karne ya sita kabla ya Kristo, hadi Epictetus, karne ya pili baada yake. Walichofikia bado kina nguvu, lakini kila kinapotajwa kwetu hutajwa kombo. Nimekusanya madai sita yanayosikika sana barazani, shuleni, kanisani na kwenye vijiwe vya bodaboda. Mengine yanawasingizia Wayunani, mengine yanatusingizia sisi wenyewe. Nayajibu moja baada ya jingine kwa sababu hayaishii kwenye maneno: yanawavunja moyo vijana na kuwapa wakubwa kisingizio.

Dai la kwanza: "Hayo ni mambo ya Wazungu, tuliletewa na mkoloni."

Historia haikubali. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kiyunani, mwenye uzoefu wa bandari za Misri, alieleza safari ya pwani ya Afrika Mashariki hadi soko la Rhapta, akataja pembe za ndovu, magamba ya kasa na mashua zilizoshonwa kwa kamba. Kitabu chake kinaitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea. Tulikuwa tukifanya biashara na watu wa lugha ile zaidi ya miaka elfu moja na mia nane kabla Waingereza hawajatangaza himaya yao hapa mwaka 1895.

Fikra nazo zilikuja kwa njia nyingine. Maandishi ya Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, yalitafsiriwa kwa Kiarabu katika zama za makhalifa wa Baghdad. Wanazuoni kama Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, waliandika kuhusu tabia njema wakijenga juu ya hoja zake za maadili. Miji ya Waswahili ilikuwa ndani ya ulimwengu huo wa elimu. Mtabibu wa pwani anayezungumzia damu, safura, belghamu na sauda anarithi mafundisho ya Hippocrates na Galen, na hakuyapata kwa gavana wa Kiingereza.

Hata katika karne iliyopita, waliowachukua Wayunani na kuwafanya wetu walikuwa Waafrika wenyewe. Nchini Uganda, Reuben Mukasa, aliyejulikana zaidi kwa jina la Spartas kutokana na mji wa Sparta, alianzisha Kanisa la Orthodoksi la Waafrika mwaka 1929 akitafuta dini isiyoongozwa na wakoloni. Patriaki wa Alexandria alilipokea kanisa hilo mwaka 1946. Mwaka 1971 Samuel Mushi alichapisha tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Sophocles, akaiita Mfalme Edipode. Watu hawa hawakulazimishwa na yeyote. Waliona chombo kinachofaa, wakakichukua.

Dai la pili: "Wayunani walifundisha kwamba kila kitu ni majaliwa."

Dai hili hutegemea kisa hichohicho cha Edipode. Ilitabiriwa kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Akakimbia, na katika kukimbia kwake yakatimia. Basi msikilizaji anahitimisha kwamba aliyepewa kapewa, na aliyenyimwa asijisumbue.

Tazama tena tamthilia yenyewe. Tauni imeingia mjini Thebes, na mfalme anataka kujua ni nani aliyemuua mfalme aliyemtangulia. Mwaguzi Tiresias anamsihi aache. Malkia anamsihi aache. Mchungaji mzee, mwenye ushahidi wa mwisho, anamsihi aache. Utabiri haukusema kwamba Edipode atautafuta ukweli mpaka umwangamize. Hilo alilichagua mwenyewe, siku ile, mbele ya raia wake, kwa sababu mji ulikuwa unakufa. Wala utabiri haukumwamuru kupandwa na hasira njia panda na kumpiga mzee asiyemjua hadi kufa. Na katika tamthilia aliyoiandika uzeeni, Sophocles anamrudisha Edipode akiwa kipofu, akijitetea kwamba alitenda bila kujua. Kwa hiyo mwandishi alikuwa anayatenganisha mambo mawili ambayo dai hili linayachanganya: lililompata mtu, na alilolitenda mtu.

Aliyeyatenganisha mambo hayo kwa uwazi zaidi ni Epictetus. Alizaliwa Hierapolis, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, akawa mtumwa mjini Roma, na mguu wake mmoja ulikuwa mlemavu. Alipoachwa huru alifundisha huko Nicopolis, Ugiriki. Somo lake la kwanza lilikuwa kupanga mambo katika mafungu mawili: yaliyo mikononi mwetu, yaani maamuzi yetu, matakwa yetu na jinsi tunavyoyapokea mambo, na yasiyo mikononi mwetu, yaani mwili, mali, cheo na sifa. Hakusema tukae tukingoja. Alisema nguvu zetu tuziweke mahali zinapofanya kazi.

Mpakani hapa fungu la yasiyo mikononi mwetu linaonekana kwa macho. Mwaka 1902 Waingereza waliuchukua Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakauingiza katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na mstari uliokuwa upande wa Naivasha ukasogea magharibi. Hakuna Msamia aliyeulizwa. Lakini tazama jamaa moja ya Kisamia. Watoto wa Kasisi Jeremiah Awori walikulia katika nchi iliyokatwa na mstari huo. Moody Awori akawa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia mwaka 2003. Ndugu yake Aggrey Awori aliiwakilisha Uganda katika mbio za kuruka viunzi kwenye Olimpiki za Roma mwaka 1960 na Tokyo mwaka 1964, akawa mbunge, na mwaka 2001 akagombea urais wa Uganda. Mpaka uliamua kila mmoja atahudumu chini ya bendera ipi. Haukuamua iwapo watajibidiisha.

Dai la tatu: "Mtu wa mpakani ni mlanguzi kwa asili."

Hili ndilo dai linaloniuma zaidi, kwa sababu husemwa na watu wa Nairobi na Kampala, na siku hizi husemwa na sisi wenyewe huku tukicheka. Lina mizizi mitatu. Nitaing'oa mmoja mmoja.

Mzizi wa kwanza ni imani kwamba tabia huzaliwa. Aristotle alilikataa hilo. Kwa maoni yake, wema haumo ndani yetu kwa asili, wala haupingani na asili yetu. Tumezaliwa na uwezo wa kuupokea, na mazoea ndiyo yanayoukamilisha. Mtu huwa mwadilifu kwa kutenda haki mara kwa mara, na huwa jasiri kwa kuikabili hofu mara kwa mara. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni msimamo uleule.

Nenda sokoni uone. Simama mbele ya mama anayeuza maharagwe yaliyovuka kutoka Uganda. Kipimo chake ni gorogoro, kopo la bati la kilo mbili. Anachota, anamimina mpaka maharagwe yanafanya kilima juu ya mdomo wa kopo na kuanza kumwagika pembeni. Mteja anasema, "Mama, niongeze." Anaongeza ukufi mmoja na kufunga mfuko. Pembeni yake kuna gorogoro nyingine, kwa nje inafanana na ile. Igeuze: kitako kimegongwa kwa nyundo kikabonyea kwa ndani, na kila kipimo kinamwibia mnunuzi kidogo. Binti anayekaa kwenye kiti kifupi nyuma ya muuzaji, akifunga mifuko baada ya shule, anajifunza kimojawapo cha vipimo hivi viwili. Anajifunza kwa mikono, kabla hajaweza kueleza kwa maneno haki ni nini. Akifika miaka ishirini watu watasema ndivyo alivyozaliwa. Si kweli. Ndivyo alivyozoeshwa, na kopo lile liligongwa na mtu mzima.

Mzizi wa pili ni historia ya magendo, inayotumiwa kama ushahidi wa asili yetu. Basi tuisome historia hiyo. Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa ya Brazil na bei ya kahawa duniani ikapaa. Mkulima wa Uganda chini ya Idi Amin alitakiwa kuiuzia bodi ya serikali kwa bei ndogo, kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani, katika nchi ambayo sukari, chumvi na sabuni zilikuwa za shida. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na pesa taslimu na bidhaa madukani. Kahawa ikavuka. Soko la Chepkube, katika wilaya ya Bungoma, likawa maarufu Kenya nzima na watu wakatajirika ghafla. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na njia halali zikazidi kuwa ngumu.

Thucydides, mwanahistoria wa Athens, angeielewa hali hiyo bila kuhitaji mkalimani. Akieleza vita vya wenyewe kwa wenyewe katika kisiwa cha Corcyra mwaka 427 kabla ya Kristo, alionyesha kwamba watu na miji huwa na nia njema zaidi wakati wa amani na neema, kwa sababu haijawabana shida isiyo na mlango wa kutokea. Vita hukata riziki ya kila siku, na hasira za wengi hufuata hali yao. Aliamini asili ya binadamu ni moja kila mahali, na kwa hiyo mambo yanayofanana hutokea hali zinapofanana. Ukimfuata yeye, huwezi kusema Msamia au Mteso ana asili ya peke yake. Mkulima wa Ulaya aliyebanwa vile angeibeba kahawa yake usiku vilevile.

Na Thucydides huyohuyo hakusema asili yetu ni mbaya tu. Katika tauni ya Athens ya mwaka 430 kabla ya Kristo, ambayo yeye mwenyewe ilimshika, anaeleza watu walioiona aibu kuwaacha rafiki zao, wakaingia nyumbani mwao kuwauguza na kufa pamoja nao. Mwaka 2020, foleni ya malori Malaba ilipofika makumi ya kilomita kwa sababu ya vipimo vya korona, madereva walinyanyapaliwa kana kwamba wao ndio ugonjwa. Wakati uleule walikuwapo waliowapelekea maji na chakula kando ya barabara. Shida ilikuwa moja, na watu waliipokea kwa njia mbili.

Hali ikiwa na nguvu kiasi hicho, kuibadilisha hali ni sehemu ya kulea wema. Chini ya utaratibu rahisi wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za ukanda huu zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kuvuka kwa cheti chepesi, bila kutozwa ushuru wa kuingiza bidhaa. Mama aliyekuwa akipita njia za panya kwa kuogopa makaratasi sasa ana mlango. Kila ofisa anayemzungusha mama huyo dirishani hadi atoe "kitu kidogo" anamrudisha porini kwa makusudi, kisha anamwita mlanguzi.

Mzizi wa tatu ni huu: "Lakini usiku, asipoonekana, kila mtu huvusha." Plato aliliweka swali hili katika kitabu chake kuhusu haki, kwa kisa cha mchungaji aliyeokota pete ya kumfanya asionekane. Akaitumia kumpata malkia, kumuua mfalme na kutwaa ufalme. Mmoja wa wazungumzaji kitabuni, Glaucon, anamwambia Socrates kwamba mtu yeyote angefanya hivyo. Jibu la Socrates ni refu, linakimaliza kitabu kizima, na kiini chake ni kwamba anayedhulumu kwa siri hajiponyeshi. Moyo wake unaingia vurugu, tamaa inatawala pahali pa akili, na dhalimu asiyezuiwa na yeyote ndiye mtu mwenye dhiki kuliko wote. Waulize walioishi enzi za magendo ni wangapi kati ya matajiri wale wa ghafla walilala usingizi.

Na wasiotaka kutuona ila kwa magendo wakumbuke kazi nyingine iliyozaliwa hapahapa. Vijana wa baiskeli waliowabeba wasafiri na mizigo kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine, wakiita "boda, boda," walianzisha usafiri ambao leo unalisha familia kote Afrika Mashariki. Nao ni mazao ya mpaka.

Dai la nne: "Aliyefanikiwa ndiye mwema, mali ni ushahidi."

Dai hili lina wahubiri wake, na lina wanasiasa wake. Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani, alilijibu kwa hadithi. Croesus, mfalme wa Lidia mwenye utajiri wa kutisha, alimwonyesha Solon wa Athens hazina zake, akamuuliza ni nani mwenye heri kuliko watu wote. Solon akamtaja Tellus, raia wa kawaida aliyewaona wajukuu zake na kufa akiupigania mji wake. Croesus alipokasirika, Solon akamwambia kwamba maisha ya mtu hayahukumiwi kabla hayajafika mwisho. Baadaye Croesus alimpoteza mwanawe katika mawindo, kisha Cyrus wa Uajemi akauteka ufalme wake, na akiwa juu ya kuni za kuchomwa moto akaliita jina la Solon. Waswahili wamelisema jambo lote kwa maneno mawili: hujafa hujaumbika.

Tororo inalijua fundisho hili kwa damu. Charles Oboth Ofumbi, Mjopadhola aliyeandika kitabu cha historia ya watu wake kiitwacho Padhola, alipanda hadi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani katika serikali ya Idi Amin. Ni wachache waliokuwa karibu na mamlaka kama yeye. Februari 16, 1977 aliuawa pamoja na waziri mwenzake Erinayo Oryema na Askofu Mkuu Janani Luwum. Serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Siku chache kabla ya hapo, Luwum na maaskofu wenzake walikuwa wamemwandikia Amin kupinga mauaji yaliyokuwa yakiendelea nchini.

Watu watatu, siku moja, kifo kimoja. Anayepima wema kwa mafanikio atasema nini juu yao? Cheo cha waziri hakikuthibitisha wema wake, na kuuawa kwake hakukuthibitisha ubaya wake. Na Luwum, aliyesema kweli, hakulipwa maisha marefu. Hapo bahati na wema vinaachana njia, na kila mtu anabaki kupimwa kwa alichokitenda.

Lakini tusiende upande wa pili tukawaambia maskini kwamba wema peke yake unatosha. Aristotle aliona mtego huo. Alitaja mfano wa Priam, mfalme wa Troy aliyeishi kwa heshima kisha akapoteza wana, mji na uhai uzeeni, akasema hakuna atakayemwita mtu huyo mwenye heri. Maisha mema yanahitaji marafiki, afya na riziki ya kutosha. Mama mwadilifu ambaye mayai yake yamezuiliwa mpakani kwenye jua kali mpaka yakaoza ana wema wake wote, na ana hasara. Haki yake ni kurahisishiwa kazi. Mahubiri ya subira hayamtoshi.

Dai la tano: "Ni hekima ya mabwana wenye watumwa, haituhusu."

Hili lina ukweli ndani yake, na ukweli huo usifichwe. Aristotle aliandika kwamba baadhi ya watu ni watumwa kwa maumbile, na kwamba mwanamke anapaswa kutawaliwa. Sisi ambao babu zetu walifungwa minyororo wakapelekwa pwani hatuwezi kuyasoma maneno hayo kama kosa dogo la kalamu. Fikra za namna hiyo zilitumiwa karne nyingi kuhalalisha dhuluma.

Bali Wayunani hawakuwa na sauti moja. Aristotle mwenyewe anakiri kwamba walikuwapo waliosema utumwa ni kinyume cha maumbile na umesimama kwa nguvu tu. Mmoja wa watu wa karne yake, Alcidamas, alishikilia kwamba maumbile hayakumfanya yeyote kuwa mtumwa. Plato, katika kitabu kilekile chenye kisa cha pete, aliwaruhusu wanawake wenye uwezo kuwa walinzi na watawala wa mji wake. Musonius Rufus, Mroma aliyemfundisha Epictetus, alitaka mabinti wafunzwe maadili yaleyale wanayofunzwa wavulana. Naye Epictetus, aliyekuwa mtumwa, akaja kuwa mwalimu ambaye mafundisho yake yalimwongoza Marcus Aurelius, mfalme wa Roma. Ukikataa hekima yote kwa sababu ya bwana mmoja, unamnyamazisha na mtumwa aliyemjibu.

Kwa hiyo tumsome Aristotle kama tunavyomsikiliza mzee mwenye busara aliyepotoka katika jambo moja: tunachukua hoja zake za mazoea na haki, na tunamkosoa waziwazi anapomdhulumu mtu. Wanawake ndio wengi katika biashara ndogondogo ya mpaka huu. Wanapima, wanakopesha, wanalipa karo, wanapanga bei kwa shilingi za nchi mbili kichwani bila kikokotoo. Busara ya vitendo, ambayo kwa Aristotle ndiyo inayoongoza maadili yote ya mwenendo, inaonekana hapo kila asubuhi. Ushahidi wa kumkosoa uko sokoni.

Dai la sita: "Wao walikuwa na falsafa, sisi tuna methali tu."

Mtu aliyelijibu dai hili vizuri kuliko wote alitoka jirani kabisa. Henry Odera Oruka alizaliwa mwaka 1944 huko Ugenya, eneo linalopakana na Busia. Alisomea falsafa Sweden na Marekani, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Wakati huo wasomi wengi wa Ulaya walishikilia kwamba Mwafrika hana mwanafalsafa mmojammoja, ana mawazo ya kabila tu. Oruka akatoka chuoni akaenda vijijini kuwahoji wazee, Wajaluo, Wabukusu na wengineo. Hakuwauliza mila inasema nini peke yake. Aliwauliza wao wanaonaje, na kwa nini, kisha akawabishia ili aone kama wana hoja.

Akagundua wenye hekima wa aina mbili. Wako wanaoijua mila na kuieleza vizuri, na wako wanaoijua mila kisha wakaipima kwa akili zao, wakaikubali hapa na kuikataa pale. Hao wa pili, kama Mzee Paul Mbuya Akoko, aliwaita wanafalsafa bila kusita, na mahojiano yao akayachapa katika kitabu chake cha mwaka 1990. Waliosema falsafa lazima iandikwe walimsahau Socrates, ambaye hakuandika kitabu. Epictetus naye hakuandika. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyekaa akaandika. Athens haikutuzidi kwa vichwa. Ilituzidi kwa wanafunzi waliobeba kalamu.

Methali zenyewe hazipingani na falsafa. Zinahitaji kufanyiwa walichofanya Wayunani na alichofanya Oruka, yaani kuulizwa. "Aliyepewa kapewa" na "mtaka cha mvunguni sharti ainame" haziwezi kusema jambo moja. Ipi ni kweli, lini, na kwa nani? Mwanafunzi wa sekondari anayelijibu swali hilo kwa sababu, akatetea jibu lake mbele ya wenzake, ameanza falsafa, awe Funyula upande wa Kenya au Osukuru upande wa Uganda.

Madai sita haya, ukiyachunguza, yana kazi moja: kumwondolea mtu lawama au kumnyang'anya uwezo. Linalosema ni majaliwa linamwondolea mvivu lawama. Linalosema ni asili linamwondolea lawama mzazi na ofisa. Linalosema mali ni wema linamsafisha mwizi. Yanayosema hekima ni ya wengine yanatunyang'anya haki ya kufikiri. Wayunani wenyewe, pamoja na makosa yao, wanayakataa. Wazee wetu wanayakataa. Nami nasema yasirudiwe mbele ya watoto.

Kuna kazi tatu za kuanza nazo. Wazazi na wafanyabiashara, vipimo vyenu ndivyo somo la kwanza la maadili ambalo watoto wenu wanalipata, viwe sahihi. Maofisa wa pande zote mbili, njia halali iwe nyepesi kuliko njia za panya, na watu wengi watapita humo. Walimu wa Busia na Tororo, wapeni wanafunzi daftari na siku ya kwenda kuwahoji wazee kuhusu bahati, haki na tabia, na muwafunze kuuliza "kwa nini" kwa heshima mpaka wapate jibu. Wazee wa kuhojiwa bado wapo. Tukiwazika bila kuwauliza, hasara hiyo itakuwa ya kujitakia, na hatutakuwa na bahati wala mkoloni wa kumlaumu.